Wimbo wa Kumi wa Albamu ya Rhoda

Jumapili, 6 Oktoba 2019

Rhoda kaja! Amekonda mwanangu. Huko mjini Nashville hawali, nadhani. Kala mkate wa mahindi vipande vitatu na maharage mabakuli mawili, ndipo nikapumua.

Albamu yake imebaki wimbo mmoja. Tisa zimesharekodiwa — gitaa, banjo, fidla, yote. Huu wa kumi anautaka mtupu, bila ala, kama tunavyoimba kanisani kwetu: mmoja anatoa mstari, wengine wanaupokea na kuuvuta polepole. Maneno kayatunga mwenyewe, ya kumkumbuka marehemu baba yake. Alimwomba kaka yangu Estill aongoze. Nani mwingine? Miaka arobaini ndiye anayetutolea mistari. Estill kakataa. Uimbaji wa kanisa, kasema, hauendi kukaa nyumba moja na banjo.

Sasa Rhoda kanigeukia mimi. Mimi! Nikamwambia, mwanangu, kwetu mwanamke haongozi, anaitikia. Akasema, "Studio si kanisa, Mama."

Nikaosha vyombo. Hata visafi nikaviosha.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimejaribu bandani, kuku wakisikiliza. Sauti ipo! Nikafurahi. Halafu nikaona haya kufurahi.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku ya jamu ya tufaha. Estill na mkewe Oma walikuja asubuhi kama kila mwaka, na lile sufuria la shaba la mama yetu. Tumekoroga kwa zamu hadi mgongo ukalia. Kuni zilikuwa kavu, hewa safi, majani milimani yote yamegeuka mekundu. Ningekuwa na raha kamili, ila Estill alishika mwiko akaanza.

"Dada Delphia, nasikia siku hizi umekuwa mchungaji."

Oma akamwambia koroga wewe, inaungua chini.

Nikasema Rhoda kaomba tu, sijajibu.

"Ukiimba, kwenye kikao cha kanisa mtu atasimama aulize kwa nini mwanamke kaongoza."

"Mtu gani?"

Anakoroga.

"Basi mtu huyo ni wewe," nikasema.

"Mimi siulizi. Lakini nikiulizwa, sitasema uongo."

Kikao sikiogopi. Nimeshapita vikao. Ninachoogopa ni Jumapili, pale katikati ya wimbo watu wanapozunguka kupeana mikono. Estill akinipita je? Akinyoosha mkono kwa huyu na yule, mimi akaniruka? Tulizaliwa saba, tumebaki wawili.

Tumejaza chupa thelathini na moja. Alichukua zake, akanibusu kipaji cha uso kama kawaida. Kama kawaida! Sasa niogope au nisiogope?

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimesema ndiyo. Rhoda alikuwa anamenya viazi, akaniimbia maneno yote bila kuniangalia. Kuna mahali anasema baba alikuwa akizima taa ya kibarazani mwishoni, akishatuhesabu wote tumeingia. Kweli alikuwa akituhesabu. Nilidhani ni mimi tu ninayejua. Ningekataaje?

Nilimpigia Estill asikie kwangu, si kwa watu. Akapokea Oma. Kasema yuko zizini, atamwambia. Halafu kacheka: "Na wewe usiimbe kama unaomba radhi."

Jumamosi, 12 Oktoba

Mapumziko. Naandika hapa hapa studio.

Zamani hapa palikuwa duka la mbegu. Fundi wa sauti, Corwin, kijana mpole, kanifungia peke yangu kwenye chumba cha kioo, hedfoni masikioni. Nikatoa mstari. Kimya! Hakuna wa kuitikia. Eti wenzangu watarekodiwa baadaye. Nikamwambia, mwanangu, mtu akiita aitikiwe, la sivyo ni mwendawazimu. Rhoda akacheka mpaka akakaa chini. Wakanitoa.

Tukasimama wote chumba kikubwa, Rhoda na wapigaji wanne wa ala. Lo! Wakaitikia kwa hatua, moja mbili, moja mbili, kama askari. Wazuri wa vidole, lakini kuvuta hawajui.

Saa tano mlango ukafunguka. Estill! Kofia kichwani. Anasema amekuja kutafuta mbegu. Duka limefungwa miaka kumi, na yeye ndiye aliyenunua gunia la mwisho! Hakuna aliyemcheka. Akakaa kiti cha nyuma, mikono kifuani.

Tukaimba tena. Vibaya tena. Nikasikia kiti kinalia.

"Kijana," akamwambia mpiga fidla, "una treni ya kuwahi? Mwache dada yangu amalize. Vuta pumzi. Halafu panda naye, kila mtu na njia yake, mkutane juu."

Akawafundisha robo saa. Kwa kuongea tu — noti hata moja hakuimba. Rhoda akamuuliza taratibu, Mjomba, utaongoza? Moyo ukanishuka, na ukapoa pia, sijui kipi kilitangulia. Akasema, "Aliyeombwa ni mama yako."

Sasa Corwin anainua kidole, mashine imewashwa. Rhoda ananiita, niache daftari. Wote wamesimama upande ule wa wanaoitikia. Estill naye kasimama kule, nyuma ya mpiga fidla. Kavua kofia. Hajasema kama atafungua kinywa. Ananitazama tu, anangoja mstari.