Ukungu Kwenye Kona ya Picha

Chumba cha juu,
Nyuma ya jengo la kufulia nguo za hoteli.
Jumapili, 19 Januari.

Dada mpendwa,

Shikamoo, na salamu tele. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na redio kila ikisoma habari? Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya huku imepita kiasi. Shuka tukizianika nje zinakuwa ngumu kama mabati, unaweza kuziegemeza ukutani zikasimama. Usinicheke, ni kweli.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kofia bado kichwani. Unasema picha aliyoipiga mdogo wetu umeitia fremu, iko sebuleni juu ya kabati la vyombo, na kila mgeni anaonyeshwa. Unasema pia mmekaa kama familia mkaamua kamera ya baba apewe yeye, kwa kuwa ndiye aliyeonyesha kuijua, na mimi nijifunze kwake. Hapo pa kujifunza kwake ndipo nilipotafuta kiti.

Dada, picha ile niliipiga mimi.

Kamera yenyewe unaijua, lile sanduku la mbao lenye sehemu ya katikati inayovutika kama kodiani. Katika baridi hii haitaki mchezo. Ngozi ya kodiani ukiivuta kwa pupa inapasuka, kwa hiyo unaifungua taratibu kama unayemvua viatu mtoto aliyelala. Chuma ukikishika kwa mkono mtupu kinang'ang'ania ngozi. Ukijifunika kile kitambaa cheusi unabana pumzi, maana ukipumua tu kioo cha nyuma kinashika barafu na huoni kitu. Na ukimaliza huiingizi ndani penye joto hivi hivi, itatoka jasho mpaka ndani ya lenzi. Mimi naifunga kwenye mfuko wa plastiki kwanza, huko huko nje.

Siku ya picha hiyo niliwaomba wenzangu wa zamu wasimame mbele ya bomba linalotoa mvuke wa mashine, pale mvuke unapoganda ukutani na kuning'inia. Walikuwa wametoka kwenye joto la pasi, aproni zao zinafuka. Nilikuwa na filamu moja tu, na msimamizi alikuwa anatuita turudi kazini. Basi kile kijipazia cha lenzi, kinachofunguka na kufunga ili mwanga upite, kikagoma kikiwa wazi, mafuta yake yameganda. Nikafanya kama baba studioni kwake: nikavua kifuniko cha lenzi kwa mkono na kuhesabu kwa sauti, ili wasitikisike mpaka nimalize. Unaikumbuka sauti yake ya studio. Nimeirithi hiyo, kuhesabu kimoyomoyo siwezi. Nilisahau tu kwamba baba hakuwahi kuhesabu kwenye baridi kama hii. Mdomo wangu ulikuwa karibu mno, na pumzi ikapita mbele ya lenzi. Ndiyo ule ukungu unaouona kona ya chini, kushoto. Nililia, nikijua nimeiharibu.

Na huyo mdogo wetu, Bwana Harusi? Tulimpa jina hilo tangu mdogo kwa kuogopa kuchafua shati, na hajabadilika. Alikuwa nyuma ya dirisha la kantini, amekumbatia kikombe cha chai, ananionyesha dole gumba.

Alijitolea kuipeleka filamu ikasafishwe, kwa kuwa mimi nilikuwa zamu. Akajitolea pia kuipeleka picha kwenye maonyesho ya mji. Nikamshukuru, mjinga mimi. Nilipokwenda ukumbini na wenzangu waliotaka kujiona, chini ya picha palikuwa na jina lake. Yeye yuko kando, na suti, anawaeleza watu jinsi alivyosubiri asubuhi nzima ukungu ule ujitokeze.

Mpiga pasi wetu akanivuta mkono. “Huyu si ndiye aliyekuwa anakunywa chai?”

Niliona haya kana kwamba mwizi ni mimi.

Nilimvizia mlangoni. “Dada, usikuze mambo,” akaniambia. “Si jina la ukoo ni moja? Anayesifiwa ni baba.”

“Na jina la kwanza?”

“La kwako nani angelisoma? Wewe mfua nguo.” Akanipigapiga begani, akarudi kwa watu wake.

Nilimpokea kwa sababu uliniomba. Kitanda nilimwachia, nikalala kwenye kochi tangu baridi ianze mpaka alipohama. Amenizunguka akiwa ndani ya chumba changu, akila chakula changu. Lakini wewe pia umeniumiza, dada, na siwezi kujitia hamnazo. Mlikaa, mkaamua, na hakuna aliyeniuliza. Wewe uliyemwona akiikimbia studio kwa harufu ya dawa, maneno yake umeyameza mazimamazima.

Sikuombi uamini neno langu juu ya lake. Mpigie simu umuulize kitu kimoja tu: kijipazia kilipogoma, alifanya nini? Msikilize atakavyojikanyaga, kwa sababu hajui hata kwamba kiligoma. Jumamosi ya mwisho ya Februari anakuja kuichukua kamera. Ukimaliza kumsikiliza na bado ukaona ni yake, nitaifunga vizuri nimkabidhi, wala sitapiga kelele. Ila nataka nilisikie hilo kutoka kinywani mwako.

Nisalimie shemeji na mama mdogo. Mapacha uwabusu, na yule mrefu mwambie aache kutafuna kalamu. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake na goti lako alipe nafuu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo nilivyokasirika,

Wa Kati

N.B. Vyovyote utakavyoamua, picha usiishushe. Ukipita kuifuta vumbi, iguse ile kona ya kushoto. Miaka mingi sijafika nyumbani, na hiyo ni pumzi yangu.