Mkono wa Baba na Ule Mchezo wa Kisu

Nyumba ya juu ya bucha,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Habari za huko? Wifi yangu anaendeleaje na mgongo? Na wanangu, mafua yamewaachia? Sisi tunapumua. Shemeji yako yuko safarini na lori lake, na mama analalamika kwamba kwenye picha umenenepa na hakuna wa kukuambia. Haya, nimekuambia.

Mzigo wako, ile mashine ya michezo ya televisheni, ulifika salama, ahsante sana. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliufurahia kuliko sisi. Alisema tangu kiharusi kile, mkono wa baba unahitaji mchezo wa kuchezwa kwa mkono mzima, siyo wa kubonyeza kitufe kwa kidole. Tulianza na tenisi, baba akaiona ya kitoto. Akachagua mwenyewe ule wa muuaji anayenyatia walinzi kwa kisu. Miezi miwili tu, mkono ulioshindwa kushika kijiko ukawa unafika begani. Nililia kwa furaha, sikufichi.

Sasa kuna jambo ambalo hapa nimemwambia mtu mmoja tu. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa kweli.

Kama wiki tatu zilizopita baba alikwama. Kila akimfikia mlinzi anamkosa, anauawa yeye. Kosa nililiona papo hapo. Alikuwa anakata kwa kiwiko, na ni yeye huyohuyo aliyetufundisha kwamba kisu huongozwa na kifundo cha mkono. Nikakichukua kile kidude cha kuchezea kinachoshikwa mkononi, nikasimama mbele ya televisheni na aproni yangu ya kazi, nikamwonyesha: mkono wa kushoto unashika taya, wa kulia unaingia chini ya sikio, unavuta. Kama mbuzi. Mlinzi akaanguka bila sauti. Kidude kikatetemeka kiganjani, na haki ya nani, ule mtetemo ni uleule tunaoujua sisi watu wa bucha. Tulicheka na baba mpaka mama akaja kuuliza kulikoni. Niliua kumi na wanne kabla ya chakula.

Siku mbili baadaye niko kazini. Unaijua sheria ya baba: mtu akipita nyuma ya meza, kisu kinalala. Miaka ishirini na miwili sikuwa nimeivunja. Bonge, yule mbeba nyama wetu, akapita, akainama kuokota ndoano iliyoanguka, shingo yake ikawa hapa, mbele yangu. Kisu sikukilaza. Mkono wangu wa kushoto ulishafika kwenye taya yake kabla sijajua kama umeondoka mezani. Hakukuwa na hasira wala ugomvi. Bonge nampenda kama ndugu. Aligeuka, akadhani namtania, akasema, "Mama Bucha, leo umeniona mbuzi?" Nikacheka naye. Halafu nikaingia chumba cha baridi, nikakaa juu ya ndoo mpaka wateja walipoanza kuniita.

Utasema ni mchezo tu. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini kidole kinachobonyeza kitufe kinajifunza nini cha maana? Mkono ndio unaoshika somo, na hauulizi kama aliye mbele yake ni mtu au picha. Sisi kazi tulifundishwa hivyohivyo, kurudia na kurudia mpaka kichwa kisihitajike. Mazoea yana taabu, walisema wenyewe.

Wiki iliyopita nilimweleza baba. Nilitegemea anicheke, maana kwake yeye hofu zote ni uvivu. Hakucheka. Akasema, na ule ulimi wake mzito, "Mwanangu, mama yako akiinama kunivalisha viatu, mimi huukalia huu mkono."

Sijalala vizuri tangu siku ile.

Mashine tumeifungia kabatini, na mama hajui sababu. Mkono wa baba umeanza kurudi nyuma, juzi kikombe kimemponyoka mara mbili. Mtaalamu alipouliza, baba akamjibu kwamba mashine imeharibika. Ameamua hataigusa tena, na mimi sikuwa na ubavu wa kumbishia. Kwa hiyo ile mpya uliyoahidi, ya miwani inayomwingiza mtu ndani kabisa, nakuomba sana usiitume. Akikupigia simu kusema amebadili mawazo, mkatalie, na umwambie ni mimi niliyekataza.

Baba mkono wake anaweza kuuacha ulale. Wangu ndio unaotulisha, na kesho saa kumi na mbili asubuhi nafungua bucha. Bonge nimemkataza kupita nyuma ya meza. Azunguke upande wa wateja, na aniite kwa sauti kabla hajanikaribia. Anawaambia watu nimeota kiburi. Na aendelee kuwaambia.

Nisalimie wifi, nibusie wanangu, na yule mjomba wetu wa huko mwambie mama anangoja simu yake. Mungu awalinde nyote, na mikono yenu pia.

Dada yako akupendaye.