Damu Uliyoiagiza kwa Chupa ya Chai

Kikuyu, Dodoma
12 Machi 2004

Kwa Kaka Harithi, Kondoa.

Kaka yangu, shikamoo. Baada ya salamu, napenda kukujulisha kwamba mimi, shemeji yako Fahadi na watoto hatujambo, tunakula na tunalala. Wewe sikuulizi hali, kwa sababu kondakta aliyeniletea mzigo wako amekwisha kunieleza: macho ya njano, miguu imevimba, tumbo limeanza kutangulia mbele. Wifi mpe pole nyingi, najua kazi yote ya kuuguza iko mikononi mwake. Nimekusalimu kama mdogo anavyopaswa kumsalimu mkubwa wake. Sasa niache niseme, maana nimekasirika tangu Jumamosi na hasira haijapoa.

Nilipoufungua mzigo nilikuta chupa ya chai mpya, mabomba mawili ya sindano na barua yako. Unasema umesikia damu yangu imekishinda kirusi cha ini, kwa hiyo niijaze hiyo chupa, nitie barafu, niirudishe kwa basi, na yule jamaa wa duka la dawa atakuchoma. Unamalizia kwa kunikumbusha kwamba damu yetu ni moja. Kaka, mimi si ng'ombe wa maziwa! Hata kuniuliza kama mwenyewe nimepona hukuuliza.

Aliyekupa habari alikupa nusu. Mwaka jana nilikwenda kumtolea damu jirani yangu Hana, aliyejifungua kwa upasuaji. Damu yangu ikakataliwa. Pale hospitalini palikuwa na watu wa utafiti wa homa ya ini, na Daktari Antonia akanieleza kwamba nina kingamwili za homa hiyo ya aina ya C, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukishaingiliwa na kirusi. Nililia, nikijua nakufa kama baba, macho ya njano na tumbo limevimba. Wakanipima tena mara mbili, wakaniambia kirusi chenyewe hakimo, kilikuja kikafukuzwa.

Ndipo wakaomba vichupa viwili vya damu yangu, wakavipeleka maabara ya nje. Kwa watu wengi, anasema Daktari, kirusi hiki hujigeuza kila mara, na askari wanabaki kumtafuta mwizi kwa shati alilokwisha kulivua. Kingamwili zangu mimi zinakishika mahali kisipoweza kupabadilisha, kikashindwa kuingia kwenye ini. Wanazisoma ili siku moja dawa au chanjo ipatikane. Siku moja, kaka, si Jumatatu.

Nilimweleza habari ya chupa yako. Akasema damu ya mtu ikichomwa ovyo inaweza kumuua mgonjwa siku hiyo hiyo, na hata isipomuua, chupa nzima haiwezi kuliponya ini lililokwisha kuugua. Akaniuliza wewe ulipimwa wapi. Niliona aibu kumjibu kwamba hujapimwa popote, umejitazama kwenye kioo ukajipa ugonjwa na dawa yake.

Akaniuliza pia mimi niliupata wapi. Nikamsimulia mwaka themanini na nane, biashara ilipofunguliwa na baba akafungua duka lake la vitenge. Unakumbuka, maana mwenye shughuli ulikuwa wewe. Ulimleta fundi kutoka Zuzu aizindike nyumba ili mahasidi wasituguse. Yule fundi alikuja na pakiti nzima ya nyembe, akataka kufungua wembe mpya kwa kila mtu. Ukamzuia. Ulisema watu wa damu moja hawachanjwi kwa nyembe mbalimbali, zindiko litavunjika. Akachanjwa baba, ukafuata wewe, nikafuata mimi, kwa wembe ule ule. Bi Lulu, mama yetu wa kambo, alikuwa amekaa mkekani tayari amekunja mkono wa gauni. Ukamwambia ainuke, yeye si wa damu hii.

Daktari haapi kwamba ni siku hiyo. Lakini nilikwenda Msalato kumbembeleza Bi Lulu apimwe, akakubali, na damu yake ni safi. Miaka tisa aliishi na baba, akamwosha, akamlisha, na wala hana hata alama. Daktari akalisoma na faili la baba: ini lilikuwa limesinyaa na kuwa gumu kwa miaka mingi. Hakuna sumu ya chungu kimoja inayofanya kazi hiyo. Baba hakulishwa kitu, kaka. Na mwanamke uliyemtolea vyombo vyake barabarani, eda haijaisha, ukamwita mwuaji mbele ya majirani, hakumuua mtu. Anauza mboga Msalato, na mpaka leo wapo wasionunua kwake.

Hapa kalamu inaniwia nzito. Umekuwa ukidhani hasira yangu yote ni juu yako. Nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Wazee saba walipokaa kwetu baada ya arobaini, niliapa kwamba nilimwona Bi Lulu akitia unga mweupe kwenye chungu cha baba. Ni kweli nilimwona. Yalikuwa magadi ya mlenda, chakula pekee ambacho baba alikuwa bado anaweza kukimeza, na mimi ndiye niliyempa hayo magadi mkononi. Nilijua ninachokisema. Nilikuwa na miaka ishirini, si mtoto. Nilimchukia kwa sababu alilala kwenye kitanda cha mama, nikataka aondoke, basi. Wewe ulinitazama usoni ukaniamini. Nisamehe kwa hilo. Lakini kumtupa nje kabla hajamaliza eda sikukutuma mimi.

Nilimwambia Bi Lulu haya juzi Jumatano, nimepiga magoti sebuleni kwake. Hakunifukuza wala hakunisamehe. Alisema nilimchafua mbele ya wazee saba, basi nikamsafishe mbele ya saba, na kwa waliokufa niite wana wao. Ijumaa ijayo baada ya sala watakuwa hapa kwangu, na yeye atakuwepo.

Panda basi la Alhamisi. Asubuhi nitakupeleka kwa Daktari Antonia akupime kama watu wanavyopimwa, na mchana utakaa karibu nami wakati ninasema. Sindano za kutibu ini zinazotoka nje ya nchi zipo lakini ni adimu, siwezi kukudanganya. Na ile mizizi uliyoandika kwamba unaichemsha na kuinywa kama dawa, iache leo.

Wanao wasalimie mmoja mmoja, na wifi mwambie aje nawe, mahali pa kulala papo. Mimi ni yule yule mdogo wako, na ninakupenda. Ila njoo upesi, kaka, sitaki uzikwe nami bado nimekukasirikia.

Salha binti Amiri