Chanjo Isiyo ya Pumu

Dada Zuhura, shikamoo.

Asubuhi huku Songea ukungu hushuka kutoka milima ya Matogoro, ukaona watu kama wanaelea. Juzi mama mmoja, mjane wa vita vya Maji Maji, alitokea ukunguni akaja pale tunapochanja ndui. Alihema kwa pumu, kama wewe nyasi zikichanua.

"Mwanangu, chanjo hii itanifungua kifua?"

Daktari wetu Mjerumani amenisimulia kwamba kwao Ulaya wanajaribu kuwadunga wagonjwa kama wewe maji yenye vumbi la maua ya nyasi, kidogo kidogo, mpaka mwili ulizoee. Nilitamani kumwambia ndiyo.

"Hapana, mama. Hii ni ya ndui tu. Ya pumu bado hatuna."

Akaniambia: "Mume wangu aliambiwa maji yatazuia risasi. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kile ambacho dawa yako haiwezi." Kisha akafunua bega, akanipa mkono, nikamchanja.

Tangu hapo naiota hiyo dawa ya maua. Nakuona umesimama kwenye nyasi ndefu, unacheka, wala huhemi. Mungu akulainishie pumzi, dada yangu, mpaka dawa hiyo ifike.

Mdogo wako akupendaye,
Salimu