Mstari Uliousema Mara Mbili

Bibi Helen,

Nilimdanganya binti yako. Alikuja kutoka Uingereza kukuzika, akakaa kwenye kiti chako katika fleti yako ya Overport, akafungua daftari letu na kuniuliza kama shairi la mwisho linaishia pale nilipoacha kuandika. Nikasema ndiyo. Haliishii pale, Bibi. Nilikuwa peke yangu nawe, na sasa ni mimi tu ninayejua.

Tangu macho yako yalipokataa, kila nilipotoka shule, Mama akipiga pasi nguo zako, wewe ulikuwa unasema na mimi naandika. Sheria yako ilikuwa moja: mstari hauingii daftarini mpaka uutamke mara tatu. "Ya kwanza najidanganya," ulisema, "ya pili najisikiliza, ya tatu andika." Mlinzi wa chini akitusikia alicheka: "Eish, gogo anagombana na ukuta tena!" Gogo ndivyo wanavyomwita bibi huku. Hakujua kwamba umeandika vitabu vinne. Hata mimi sikujua, mpaka siku nilipofuta vumbi kabatini nikaona jina lako.

Alhamisi ile ulikuwa unatunga juu ya jiko la mama yako, katika mji wenu wa mvua. Mstari wa mwisho uliusema mara ya kwanza. Ukausema mara ya pili, ukatabasamu. Nikashika kalamu. Ukasinzia. Nikaendelea kungoja, Bibi, kwa sababu ulinifundisha kungoja. Mama alipokuja kukuamsha unywe dawa, hukuamka.

Kwa nini sikuandika? Najiuliza darasani, najiuliza kanisani wengine wakiimba. Maneno ya mstari ule, kwa Kiingereza chako, yalinitoka yote, ikabaki sauti yako ikishuka mwishoni, basi. Mama ananiambia, "Nyamaza, mutoto. Ule bibi hawezi kukukasirikia juu ya mustari moya tu." Mama hakuwahi kukuona ukitupa ukurasa mzima kwa ajili ya neno moja.

Jana Mama aliniita kutoka chumbani: "Neema, weka birika ku moto!" Nikasimama pale na maji mkononi. Mstari wako ulikuwa umerudi. Lakini umerudi kwa Kiswahili, Bibi, lugha ambayo hukuijua, na maneno yako yenyewe sinayo. Niliweka birika, nikalia mpaka maji yakakauka motoni.

Kitabu cha mashairi ya daftari letu kinakwenda kwa mchapaji mwezi ujao. Labda binti yako atanichukia. Labda hatataka tena kusikia jina langu. Lakini yeye amekulia ndani ya sauti yako. Nikimpa maana, huenda akasikia ulivyosema. Nakuahidi, kesho nikitoka shule nitamwandikia kila kitu, na uongo wangu pia.

Pumzika, Bibi yangu. Leo nimefunga mlango, nikausema mara ya tatu kwa niaba yako, ndipo nikaandika:

Weka birika motoni. Waambie nimechelewa tu.

Mwandishi wako,
Neema