Bangili ya Halima

Mjukuu wangu Cherono,

Pokea salamu zetu kutoka Chepsaita. Babu yako ni mzima na mahindi tumekwisha kuvuna. Tunamshukuru Mungu.

Umeniuliza kama uache kumsukia rafiki yako bangili ya nyuzi kwa kuwa inajipinda. Usiache. Nilipokuwa msichana nilimsukia Halima, binti wa mwenye duka jirani, kabla ya familia yake kuhamia Garissa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nilikaza kila fundo kwa nguvu zote, maana nyumbani nilizoea kufunga ndama tu. Bangili ikajikunja, nami nikaitupa chini kwa hasira.

Halima alicheka. "Wee Jeptoo, unafunga ndama ama bangili? Kunywa chai kwanza."

Tulikunywa, tukapiga gumzo, kisha nikaendelea kusuka tukiongea. Mikono ililegea na mafundo yakalala sawa. Nilipotaka kufumua sehemu iliyopinda, alinizuia: "Wacha tu! Nikiona hapo nitacheka, nikukumbuke."

Alipanda lori la baba yake akiwa ameivaa mkononi, akanipungia mkono huohuo. Nashukuru hadi leo kwamba sikungoja iwe nzuri kabisa.

Mungu akutulize mikono.

Nyanya yako,
Jeptoo