Mashimo ya Migomba Yanangoja Jibu

Jumapili, Juni 15. Mlima haujatoka.

Kila ninapoandika huanza na mlima, halafu hewa, halafu yaliyobaki. Leo hewa ni ile baridi ya Juni. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani, na matone yanaanguka jani hadi jani, kama mvua ya jana bado haijaamua kuondoka. Nyuma ya jiko mfongo unapita. Kwa msomaji asiye wa huku Marangu: mfongo ni mfereji wa mababu, unaotoa maji mtoni huko juu na kuyapitisha kihamba hadi kihamba, shamba la familia moja hadi la nyingine, kwa zamu. Tangu nizaliwe nalala na sauti yake.

Baada ya ibada nilikula, nikaegemea ukuta barazani, usingizi ukanichukua.

Niliota mgeni rasmi wa mkutano wa jana amesimama juu kwenye chanzo cha mfongo, anamimina maneno badala ya maji. Maneno marefu, yanayong'aa, yakishuka polepole chini ya migomba. Mama aliinama na ndoo, akachota, akaiinua. Ndoo ilikuwa nyepesi. Akanitazama.

Niliamka nikasikia maji. Nikashukuru. Kisha nikakumbuka mkutano.

Jana kijiji kizima tuliitwa uwanjani, karibu na ofisi ya mtendaji, kumsikiliza mgeni kutoka wilayani akizungumzia maji. Nilikaa na mama. Mimi ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu nyumba hii na mama aliyemo ni vyangu kutunza. Kiswahili cha sokoni na cha kanisani mama anakijua. Cha mikutano kinampita, kwa hiyo huwa namtafsiria sikioni kwa Kichagga.

Mgeni alianza na usimamizi shirikishi wa rasilimali maji, akaenda kwenye tija kwa wadau, akarudi kwenye usimamizi shirikishi.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Anasema kuna maji."

"Hilo nalijua. Nayasikia kila siku."

Mgeni akaendelea. Nikasikiliza kwa makini, maana mimi nikifanya jambo napenda kulifanya kwa utaratibu.

"Na sasa?"

"Anasema maji ni yetu sote."

Jirani yetu Mama Ndeshi alikuwa amesogeza kiti ili naye asikie. "Wewe kijana," akasema, "mwenzako kaongea muda wa kuiva maharage, wewe unatoa maneno matatu. Mengine umemeza?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Nami nikacheka.

Ndipo ikaja sentensi moja ndefu, aliyoisema kwa sauti ya chini kidogo kuliko nyingine. Kwamba mifereji isiyo kwenye mfumo rasmi itapitiwa kwa ajili ya uhamishaji wa matumizi, sambamba na wananchi kuunganishwa na huduma mbadala. Mtu wa mbele akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Niliigeuza kichwani mara mbili. Nilipoimenya maganda yote, kilichobaki kilikuwa kidogo sana.

"Wanaufunga mfongo," nikamwambia mama. "Halafu tutaletewa bomba."

Mzee Elinami, anayetupangia zamu za maji, alikuwa mbele yetu. Akageuka na kiti chake. "Wanafunga nini?"

Minong'ono ikaenda safu hadi safu, kama maji yaliyofunguliwa shambani. Kipaza sauti kikakohoa.

"Pale nyuma kuna nini? Kijana mwenye sweta la kijani, simama utuambie."

Nikasimama. Uwanja mzima ulikuwa unanitazama, na ukungu ulikuwa unapita katikati yetu taratibu, kama watu wengine waliochelewa kufika.

"Samahani, mheshimiwa," nikasema. "Nawafafanulia wazee. Nimesema serikali inaboresha huduma ya maji kwa ushirikishwaji wa wananchi."

"Safi kabisa! Mpigieni makofi huyo!"

Wakapiga. Mzee Elinami akarudisha kiti chake kilivyokuwa. "Aa," akasema, "nilidhani wanafunga."

Hakuna aliyeuliza tena.

Tulirudi nyumbani. Mama hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, kwenye mashimo aliyochimba wiki iliyopita kando ya mfongo. Samadi imeshawekwa. Machipukizi ya migomba aliyopewa na dada yake yako ubavuni mwa zizi, yamefunikwa kwa majani. Anataka yashike mizizi kabla ya kiangazi, na huku ni mfongo unaoivusha migomba kiangazi.

"Sikioni uliniambia wanafunga," akasema. "Uliposimama ulisema nini?"

Nikamwambia.

"Hayo ni mambo mawili. Nipande kwa lipi?"

Nilimwambia labda. Nilimwambia huenda bado wanalitazama, na kwamba ni vizuri tukawa na subira.

"Umeanza na mimi pia?" akauliza.

Akachukua mundu akaenda kumkatia ng'ombe majani.

Nimejiuliza tangu jana maneno yale yalitoka wapi. Sikuyapanga. Nilipofungua mdomo yalikuwa yameshajipanga yenyewe, yamechomekea mashati. Shuleni, kwenye midahalo, nilikuwa nashinda kwa maneno kama hayo. Nilikuwa nikianza na "ikumbukwe kwamba" na darasa lote linatulia, hata kama hakuna cha kukumbuka. Niliondoka kidato cha nne nikiamini kwamba lugha ya namna hiyo ndiyo heshima.

Niliogopa, ndiyo. Lakini si woga tu. Yale makofi yalikuwa matamu. Nayaandika haya kwa sababu hapa sina wa kumpendeza.

Mlima ukijificha hatusumbuki. Tunajua uko upande gani, na mtoto mdogo anaweza kukuonyesha kwa kidole. Ukungu wa mgeni yule ni tofauti. Unakaa ndani yake mpaka unasahau kwamba nyuma yake kuna kitu, na kwamba kitu hicho kina ukubwa na kinakuja upande wako. Unapiga makofi, unaenda nyumbani, unapanda migomba.

Nilipoamka leo barazani nilimfuata mama zizini nikamwambia neno moja: wanaufunga. Hakushangaa, hakunisifu. Alivaa kanga yake ya kutokea akasema twende kwa Mzee Elinami.

Mzee tulimkuta akinoa panga. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote, pamoja na nilichokifanya niliposimama.

"Kwa hiyo jana nimepiga makofi wakati mfongo unafungwa?" Akaitazama mikono yake. "Mikono yangu hii!" Kisha akanigeukia. "Kijana, ungekuwa unagombea, ningekupa kura. Unayaweza."

Mama ndiye aliyecheka. Mimi sikuwa na pa kuweka uso.

Mgeni atarudi ofisini kwa mtendaji Jumatano. Tutakwenda, na Mzee atawaita wenye zamu wote. Mama ameshasema atauliza yeye, kwa Kichagga, na mimi nitasimama pembeni yake nitafsiri kwa sauti.

"Usiniongezee neno," ameniambia njiani. "Nikitoa matatu, nawe toa matatu."

Sasa niko barazani nalitafutia swali lake Kiswahili. Mara ya kwanza niliandika: "Tungependa kupata ufafanuzi kuhusu hatima ya mifereji ya asili." Nikafuta. Mara ya pili likaanza na "kwa heshima na taadhima". Nikafuta hilo pia.

Mtaufunga mfongo wetu?

Nimelisema kwa sauti, peke yangu. Linaisha kabla tone halijafika chini kutoka kwenye jani. Ni jepesi namna hiyo, na bado nimegeuka kutazama kama kuna aliyesikia.

Ukungu haujanyanyuka. Mama amechota maji ya mfongo, ameyanyunyizia machipukizi, akayafunika tena kwa majani mabichi. Anasema yanaweza kungoja hadi Jumatano. Zaidi ya hapo yataoza.

Na wakinitazama wote tena, nitatoa matatu?